Waya wa Chini ya Sakafu

Kunduchi
4 Mei 1953

Kwa Fundi Albano Milanzi, Temeke

Shikamoo Fundi,

Hunijui. Naitwa Wilbert Kamugisha, mtu wa Bukoba, fundi wa umeme. Kazi hii nilijifunza jeshini wakati wa vita, kwenye magari ya redio, na tangu nirudi sijafanya nyingine. Jina lako nimelikuta kwenye kibati kidogo, ndani ya kisanduku cha swichi cha boti ya injini iitwayo Tausi. Limechongwa hivi: A. MILANZI, FUNDI UMEME, TEMEKE, 1951. Nimeulizia mjini nikapewa anwani ya duka hili ambako unapokelea barua.

Boti sasa ni ya Bwana Mwinyikombo, mfanyabiashara wa samaki hapa Kunduchi. Ameniajiri nitengeneze umeme wake wote: taa, pampu ya kufua maji yanayoingia botini, na waya za injini. Amepita mikononi mwa watu wengi huyu Tausi, na kila mmoja amemwachia jeraha lake. Nimekuta waya za taa za nyumbani. Nimekuta msumari mahali pa fyuzi.

Lakini kuna jambo linanishangaza. Kuanzia mbele mpaka kwenye injini kuna kazi nzuri kuliko yote niliyoiona tangu nitoke jeshini. Kila kiungo kimelehemiwa kwa risasi, kikafungwa uzi na kupakwa vanishi. Kuanzia kwenye injini kurudi nyuma, waya zimesokotwa kwa vidole tu, zikaviringwa vitambaa, na kwenye fyuzi pamewekwa karatasi ya fedha ya sigara. Ni mikono miwili tofauti kabisa. Naomba uniambie ipi ni yako, na kama unakumbuka waya zinavyopita, unichoree.

Samahani kwa barua ndefu. Nalala peke yangu katika banda la boti, na hapa sina mtu wa kuzungumza naye habari za umeme.

Wako mtiifu,
Wilbert Kamugisha


Temeke
11 Mei 1953

Mwanangu Wilbert,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mkono wangu hautulii siku hizi, kwa hiyo anayeandika ni mke wangu, Sesilia. Mie nasema, yeye anaandika.

Kazi ya mbele ni yangu. Nashukuru umeiona. Watu huwasha taa, ikiwaka wanaondoka zao, hakuna anayefungua kisanduku kutazama ndani. Boti alikuwa Mtoni wakati huo, amevutwa juu ya matope, na mwenyewe alikuwa bwana mmoja aliyechukua mbao Rufiji. Kabla yake alikuwa wa Mzungu wa mashamba ya katani. Huyo ndiye aliyetia waya za nyumbani. Alikuwa anajitengenezea mwenyewe kila Jumapili, na kila Jumapili taa moja ilikufa.

Hiyo ya nyuma siijui. Huenda ni ya mtu aliyekuja baada yangu.

Mchoro nimeuweka humu ndani. Waya mwekundu wa taa ya mlingoti unapita chini ya ubao wa kulia, usiukate ukidhani umekufa. Na vanishi usiipake kabla risasi haijapoa.

Unakula nini huko, wewe uliye peke yako? Ukikosa mtu wa kuzungumza naye habari za umeme, andika.

Mimi,
Albano Milanzi


Kunduchi
18 Mei 1953

Shikamoo Mzee wangu Albano,

Mchoro wako umeniokoa siku tatu. Waya wa mlingoti niliukuta hasa pale uliposema, mzima kama umewekwa jana.

Umeniuliza nakula nini. Mchana napika ugali wangu nyuma ya banda, nimejificha kidogo kwa sababu ni mwezi wa Ramadhani na hapa wote wamefunga. Magharibi wananiita nifuturu nao. Nilikwenda mara mbili. Ni watu wema, lakini wanazungumza habari za watu wao, nani kaoa, nani kazaa, nami nakaa nikicheka wanapocheka. Sasa nasema nina kazi. Mke wangu Kokushubila atakuja na watoto mwezi wa Julai, ndipo nitapanga chumba.

Nina swali moja kubwa. Kutoka kwenye betri kuna waya mnene unaoshuka chini ya sakafu, unapita ubavuni mwa tangi la petroli, unatokea nyuma kwenye pampu. Mwanzo wake nauona na mwisho wake nauona. Katikati sioni, sakafu imepigiliwa misumari. Bwana Mwinyikombo hataki niing'oe. Anasema mbao zile ni nzima, nikizing'oa zitapasuka, naye anataka boti kabla ya Idi. Je, chini kuna kiungo, au ni waya mmoja?

Na je, naweza kuja kukusalimu Jumapili moja? Temeke si mbali. Nitapanda basi la Bagamoyo mpaka mjini, kisha nitatembea.

Wako,
Wilbert


Temeke
25 Mei 1953

Mwanangu Wilbert,

Usije kwanza. Nina safari ya Lindi, kuna msiba, na sijui nitarudi lini. Nikirudi nitakwambia.

Waya wa chini siukumbuki vizuri. Ni zamani. Kama huna hakika, mwambie huyo bwana akubali ung'oe sakafu. Ubao ukipasuka utapatikana mwingine.

Sesilia anasema usiache kwenda kufuturu. Anasema mtu akikaa sana peke yake huanza kuona watu ni kelele.

Mimi,
Albano Milanzi


Kunduchi
30 Mei 1953

Shikamoo Mzee,

Pole kwa msiba. Barua hii ikukute umerudi salama.

Nilimwomba tena Bwana Mwinyikombo. Akaniuliza, "Huyo fundi wako wa Temeke amesema kuna ubovu?" Nikamwambia hakusema hivyo, amesema hakumbuki. Akasema, "Basi funga kazi."

Nimekaa nikafikiri. Fundi aliyenielekeza waya wa mlingoti mpaka ubao unaoufunika, hawezi kusahau kiungo kibaya kando ya tangi la petroli. Kwa hiyo nimechukulia kwamba hakipo. Nikaujaribu waya kwa taa ndogo, taa ikawaka vizuri bila kucheza. Nimeweka fyuzi mpya na zile karatasi za sigara nimezitupa.

Jumamosi tarehe 6 tutamshusha Tausi majini. Tutakuwa watu wawili, mimi na baharia anayeitwa Marselino. Yeye atashika usukani, mimi nitawasha injini na pampu. Natamani ungekuwepo uone kazi yako ikiwaka tena.

Wako,
Wilbert


Temeke
4 Juni 1953

Bwana Wilbert Kamugisha,

Usiwashe pampu. Kama unasoma barua hii kabla ya Jumamosi, acha kusoma, uende ukafungue waya wa betri, kisha urudi umalizie.

Barua yako imefika leo. Jumanne mji wote ulifungwa kwa sherehe za Malkia na posta haikufanya kazi.

Mume wangu Albano amefariki. Alifariki tarehe 19 Agosti 1951. Hakuna safari ya Lindi na hakuna msiba mwingine ila huo. Barua zote ulizopata nimeziandika mimi, na maneno ni yangu.

Albano alikuwa mgonjwa wa kifua, na macho yake hayakuwa yanaona rangi vizuri. Miaka minane nilikuwa namshikia taa na kumwambia, huu mwekundu, huu mweusi. Watu walidhani namletea chakula. Kazi yote nilijua kwa kuitazama, ila moto wa kulehemu hakuniachia hata mara moja. Alisema risasi ikikurukia jichoni ndiyo basi, na nyumba hii haiwezi kuwa na watu wawili wasioona.

Alipofika kwenye injini ya Tausi alianguka. Nikamrudisha nyumbani kwa mkokoteni. Mwenye boti alituma mtu kuuliza, fundi anamaliza lini? Albano alikuwa kitandani, hawezi kukaa. Akaniambia, "Mwambie kesho kutwa." Alikuwa hajawahi kuacha kazi nusu. Niliona kwamba kinachomuuma zaidi ni hiyo boti, kuliko hata kifua.

Nikachukua mfuko wake nikaenda Mtoni. Siku nne. Mlinzi alinizoea, akidhani fundi yuko chini ya sakafu na mimi nampa vifaa. Akiita, "Fundi, hujambo?" mimi niliyekuwa chini nilikuwa nagonga ubao kwa nyundo mara mbili, naye anaondoka.

Hiyo mikono miwili uliyoiona, wa pili ni wangu. Karatasi ya sigara niliiweka mimi, kwa sababu fyuzi zilikuwa zinakatika nami sikujua kwa nini.

Chini ya sakafu, ubavuni mwa tangi, kuna kiungo. Waya haukufika, nikauunga na kipande kingine. Niliusokota kwa vidole, nikauviringa plasta ya hospitali iliyokuwa imebaki ya Albano, juu yake nikamiminia nta ya mshumaa. Kisha nikapigilia misumari. Najua leo ninachojua, kwa kuwa nimesoma vitabu vyake vyote baada ya kumzika. Taa ndogo itawaka pale hata mwaka mzima. Pampu ikivuta, kiungo kile kitapata moto.

Nilirudi nikamwambia Albano kazi imekwisha. Akauliza, "Imewaka?" Nikasema imewaka yote. Akalala. Aliishi siku sita baada ya hapo. Kile kibati alikuwa amekichonga mwenyewe kabla hajaanguka, nami nilikigongelea.

Utauliza kwa nini nilikujibu. Barua ilikuja ina jina lake. Mwenye duka aliniita, "Mama, mzee wako ana barua." Yeye ni mgeni pale, hajui. Sikumwambia. Nilikwenda nayo nyumbani nikaifungua, nikakuta mtu anamwamkia. Tangu azikwe hakuna aliyemwamkia. Na mtu huyo anasema kazi yake ni nzuri kuliko zote. Nilitaka aseme tena.

Ningesema kweli juu ya ile ya nyuma, ungejua kwamba mwenye kibati hakumaliza kazi yake. Basi nikakwambia siijui. Ulipouliza habari za sakafu nikasema sikumbuki. Nakumbuka kila msumari.

Kesho asubuhi nitaipeleka barua hii mwenyewe kwa dereva wa basi la Bagamoyo.

Sesilia Milanzi


Hospitali, mjini
16 Juni 1953

Kwa Mama Sesilia Milanzi,

Anayeandika ni mwalimu Nikodemu, jirani yangu wa kitanda, aliyevunjika mguu. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitamka.

Barua yako ililetwa Kunduchi Jumatatu tarehe 8. Ijumaa basi liliharibika na dereva akaikumbuka baada ya siku tatu. Marselino ndiye aliyeipokea, akaniletea hapa, nikasomewa.

Jumamosi tulimshusha Tausi saa tatu asubuhi. Injini iliwaka. Taa za mbele ziliwaka. Watu walikuwa wengi pwani, wengine wakanipigia makofi. Nikawasha pampu, ikavuta maji vizuri kwa muda wa kuhesabu mpaka mia mbili hivi. Kisha nikasikia harufu ya nta. Nilidhani kuna mtu kawasha mshumaa, nikageuka kumtafuta.

Moshi ulitoka katikati ya mbao. Marselino nilimwambia aruke, akaruka. Mimi niling'oa ubao mmoja kwa nyundo, nikaingiza mikono nikauvuta ule waya mpaka ukakatika. Plasta yake ilikuwa inawaka. Tangi halikushika moto. Daktari anasema mkono wa kulia utapona, na wa kushoto vidole vitatu havitakunja tena. Mbao za nyuma zimeungua, boti hakuzama.

Bwana Mwinyikombo alikuja mara moja. Alisimama pale miguuni akaniuliza, "Wewe si ulisema umeujaribu?" Nikasema niliujaribu. Akaondoka. Idi imepita, wenzangu wa Kunduchi wamenitumia tende kwa mkono wa Marselino, wao wenyewe hawakuja.

Mama, mimi nilikuwa namwandikia mtu. Jioni nikimaliza kazi nilikuwa nafikiri, hili nitamwambia Mzee Albano, na lile nitamwambia. Sasa nakumbuka maneno yote na sijui niliyaambia nani. Sina baba. Ulijua nilivyokuita Mzee wangu, ukaitika marahaba.

Na kwa kuwa ni wakati wa kusema kweli, na mimi niseme yangu. Hakuna mtu anayekuja Julai. Kokushubila alirudi kwao mwaka juzi na watoto, ameolewa Kamachumu. Nilikuandikia vile kwa sababu sikutaka mzee anihurumie.

Mwalimu Nikodemu ananiuliza kama nina hakika barua hii iende. Nimemwambia iende.

Wilbert Kamugisha
(alama ya dole gumba la kulia)


Temeke
24 Juni 1953

Bwana Wilbert,

Sitaandika neno la kuomba radhi, maana nimeliandika mara nne na kila mara limekuwa dogo. Nitakwambia nilichofanya tu.

Kwanza, jambo ambalo hukuniuliza. Zile siku za Alhamisi na Ijumaa ningeweza kuja Kunduchi mwenyewe. Basi lililoharibika nililiona likiwa limesimama pale stendi, dereva yuko chini yake. Ningeweza kupanda lori, ningeweza hata kutembea. Nilimwachia barua nikarudi nyumbani, kwa sababu kwenye barua uso hauonekani. Hilo ndilo linalonikalia.

Jumapili nilikuja hospitali. Nilikuulizia mlangoni, wakanionyesha. Ulikuwa umelala, na mwalimu alikuwa anasoma. Wewe ni kijana kuliko nilivyokudhani. Nilisimama kidogo nikaondoka. Uji anaokupa yule mwalimu tangu siku hiyo akisema umetoka kwa mtu wa kanisani, naupika mie.

Jumatatu nilipanda basi mpaka Kunduchi. Nilimkuta Bwana Mwinyikombo anapimisha samaki. Nikamwambia, "Mie ndiye niliyeunga waya uliounguza boti yako. Kijana wako hakukosea."

Akaacha samaki. Akasema, "Mama, nani kakutuma?"

"Sikutumwa."

"Wewe na waya wapi na wapi?"

Nikamwambia tupande botini. Tausi amevutwa mchangani, ananuka moshi. Nilimwonyesha kila kiungo nilichofunga, mpaka kile ambacho hakikuungua, nikamwambia kabla ya kukifungua ndani yake kuna kitambaa cha rangi gani. Cha tatu nilipokipatia, aliketi juu ya ubao. Akasema, "Yule kijana aliniomba mara mbili ang'oe sakafu, nikamkatalia." Baadaye akasema, "Basi hatia hii tumegawana watatu." Nikamwambia mgawo wako na wake niuchukue mie, akasema haigawanywi hivyo.

Alipotoka nilibaki ndani peke yangu. Niliona kazi ya Albano mbele, na yangu nyuma imekuwa mkaa. Kibati chake nilitaka nikibandue nirudi nacho. Nikakiacha. Mbele ni kwake kweli.

Ukitaka kunijibu, jina langu ni Sesilia. Mwenye duka nimemwambia kwamba mzee hayupo. Alisema pole mama, akaendelea kupima sukari. Nilikuwa nimeogopa neno hilo miaka miwili, nalo likachukua muda wa kupima ratili moja.

Sesilia Milanzi


Kunduchi
27 Julai 1953

Mama Sesilia,

Shikamoo. Hii naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Nimetoka hospitali wiki iliyopita na nimerudi bandani.

Uji niliunywa siku tisa na nilijua kuanzia siku ya pili ni wako. Watu wa kanisani hawatii tangawizi nyingi vile. Nilitaka kuukataa. Nilikuwa na njaa.

Bwana Mwinyikombo ameng'oa sakafu yote. Amenunua mbao mpya, na amenipa tena kazi ya kutia umeme kuanzia kwenye injini kurudi nyuma. Juzi nimeketi na waya mkononi kutwa nzima. Naona kila kitu kinavyotakiwa kuwa. Mkono wa kulia unashika chuma cha moto, lakini wa kushoto hauwezi kushika waya utulie. Marselino amejaribu kunishikia. Ni mtu mwema, ila mawazo yake yako baharini, na waya anaushika kama kamba ya nanga.

Nahitaji mtu anayejua kushika waya na anayeijua boti hii. Mtu huyo namjua mmoja. Nikimpata, yeye atashika waya, mimi nitalehemu. Na baada ya hapo chuma nitampa yeye alehemu, nami nitazame. Marehemu hakutaka, nimesoma, lakini macho yangu mimi ni mazima, na moja ya kazi nilizofanya jeshini ilikuwa kufundisha.

Sitaki nikudanganye, tumeshadanganyana vya kutosha. Sijui kama nimekusamehe. Asubuhi nikifunga vifungo vya shati kwa meno naona bado. Nikikuwaza umesimama mbele ya Mwinyikombo ukitaja rangi za vitambaa, naona kama tayari. Huenda nitakuwa hivyo hivyo mwaka mzima. Ukija, utakuja kwa mtu wa namna hiyo.

Mke wa Marselino ana chumba, utalala kwao. Ni nyumba yenye kelele, watoto sita.

Jumatano ya wiki ijayo basi la kwanza linapita hapa njia panda saa nne, la pili saa nane. La kwanza likipita nawe humo, nitakupokea mzigo kwa mkono mmoja. Usipokuwemo sitakuandikia tena, wala sitakulaumu. Ila nitasubiri pale mpaka la saa nane lipite.

Wilbert